Siku Swaumu Aliponyamazishwa

Pale Mnero, mtu akiteleza ulimi akataja mpira wa pete mbele ya Domitila, wenzake humkanyaga mguu. Mmoja anauliza bei ya ufuta, mwingine anakumbuka kuwa ameacha maharage jikoni, na Domitila mwenyewe anainuka taratibu, anafunga upya kanga yake na kuaga. Wanafanya hivyo kwa kumhurumia. Miaka na miaka wanamhurumia, na huruma yenyewe, jamani, ndiyo iliyommaliza.

Huyo Domitila hakuanza hivyo. Alizaliwa hapo hapo, mtoto wa pili wa mama aliyebatizwa Beatrisi, Wamakonde ambao wazee wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakiwa na majembe na watoto mgongoni. Walifyeka pori, wakapanda mikorosho, wakazika wafu wao hapo, na bado wenyeji wakaendelea kuwaita watu wa kuja. Baba yake alifariki mapema. Kaka yake, Silvanus, alikuwa fundi baiskeli, na ndiye aliyechukua kipande cha nondo akakikunja duara na kukifunga kwa waya juu ya nguzo nyuma ya jiko. Domitila alikuwa bado mdogo, anarusha mpira wa makaratasi huku uji unachemka. Uji uliungua mara nyingi. Mama yake alimchapa, halafu akawa anasimama mlangoni na mwiko wake akiangalia jinsi mpira unavyotumbukia, unatumbukia tena, hauna habari ya kukosa.

Shuleni ikajulikana mara moja kuwa mtoto huyu ni mfungaji. Wasiojua mpira wa pete wanadhani kufunga ni kitu chepesi. Hebu fikiria: wenzako sita wanakimbia juani, wanaanguka, wanachubuka magoti, wanaugombania mpira uwanja mzima mpaka unafika mkononi mwako, halafu dunia nzima inasimama kukutazama. Huruhusiwi kukimbia nao wala kuudunda. Una sekunde tatu tu, na ukizidisha refa anapuliza filimbi na mpira unakwenda kwa wapinzani. Mlinzi wao amesimama mbele yako, mikono juu. Kuna watu wanaoweza kulima ekari nzima peke yao na jambo hilo likawashinda.

Na Domitila, usimwone vile, alikuwa mwoga. Tangu utotoni, asubuhi ya mechi tumbo lilimsokota. Alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena. Viganja vilikuwa vya baridi hata jua likiwa utosini. Hakumwambia mtu. Alidhani wachezaji wote wako hivyo, au labda yeye peke yake ana ugonjwa wa aibu, kwa hiyo afadhali akae kimya.

Dawa yake ilikuwa Swaumu.

Walikutana Nachingwea kwenye michezo ya shule za msingi, wakati huo Ruangwa bado iko ndani ya wilaya hiyo hiyo na watoto wa pande zote wanalazwa kwenye darasa moja, mikeka chini. Swaumu alitoka Likunja, upande wa Ruangwa, Mmwera, mrefu, mlinzi wa timu yao, na mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. Alimwangalia Domitila anavyotandika mkeka wake kwa wasiwasi, akaanza.

"We Mmakonde! Hiyo mikono uliyokuja nayo ni ya kuchimbia ming'oko, mizizi ya porini. Nani kakudanganya ushike mpira?"

Darasa zima likageuka. Domitila alikuwa hajala tangu asubuhi kwa sababu ya lile tumbo, lakini jibu lilimtoka lenyewe. "Kwenu Likunja mnajenga nyumba milango ikiangalia porini, ili nguruwe wasipate taabu ya kupiga hodi."

Wakacheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kugonga dirisha. Watani walikuwa wametambuana. Wamwera na Wamakonde wana utani wa tangu enzi za mababu, na utani kule kusini ni jambo zito, watu wasilichukulie juujuu. Mtani akikutukana hununi; ukinuna unatozwa kuku. Mtani anaingia nyumbani kwako anafunua sufuria. Ukifiwa, yeye ndiye anayevaa koti la marehemu na kuigiza alivyokuwa anatembea, anamfokea maiti kwa nini kakimbia madeni ya pombe, na wenye kilio wanajikuta wanacheka na kamasi zinawatoka. Anakutania ili usife na wewe. Hakuna mwingine aliyepewa ruhusa hiyo, hata mama mzazi.

Wakakua, wakaolewa kila mmoja kwao, wakazaa. Mpira hawakuuacha. Kila mwaka ufuta ukishavunwa, wanawake wa vijiji walipangiwa mechi, na Mnero ikikutana na Likunja watu walijazana pembeni ya uwanja kumsikiliza Swaumu kuliko kuangalia mpira. Domitila akipokea mpira ndani ya duara la kufungia, Swaumu anasimama mbele yake mikono juu kama anaanua nguo, na maneno yanaanza kumwagika. "Tupa huo mpira, Mmakonde, unaunusa wa nini? Unafikiri ni panya? Leo mumeo kapika ugali mbichi, naona tumbo lilivyovimba! Jamani mtazameni, anakonyeza pete, anadhani ni mwanamume!" Domitila anacheka, na katikati ya kicheko mkono unakwenda wenyewe, mpira unatumbukia. Hakupata hata nafasi ya kuogopa. Lile tumbo la asubuhi lilikufa kwenye neno la kwanza la Swaumu, kila mwaka, na hakuna aliyelijua hilo, hata Domitila. Yeye alijua tu kwamba akimwona Swaumu anaingia uwanjani, moyo unatua.

Halafu Ruangwa ikakatwa, ikawa wilaya yenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zamani mkifungwa mmefungwa na jirani. Sasa ilikuwa wilaya kwa wilaya, kuna kombe, kuna ng'ombe wa zawadi, kuna viongozi waliokaa kwenye viti chini ya turubai, na mashabiki waliokuwa wakigawana ugoro mwaka juzi wakaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Mwaka wa kwanza wa kombe hilo Nachingwea ilifungwa. Mwaka uliofuata, tisini na saba, timu ya Mnero ndiyo iliyopewa kuiwakilisha wilaya, na Likunja ikaiwakilisha Ruangwa.

Kocha wa Mnero alikuwa Mwalimu Mbaruku, mtu mwema kabisa, anayevaa filimbi shingoni hata akienda kununua dagaa. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa amepelekwa semina. Alirudi na maneno mengi ya nidhamu ya mchezo, akayatafuna weee, mwisho akamwita Domitila pembeni baada ya mazoezi.

"Domitila, nimekuchunguza. Yule mlinzi wa Likunja anakutoa mchezoni kwa mdomo wake. Safari hii nitazungumza na refa azuiwe."

Domitila akashtuka. "Yule ni mtani wangu, Mwalimu. Hanisumbui."

"Uwanjani hakuna mtani. Unadhani husumbuki, lakini kitaalamu unasumbuka."

Angebisha. Angesema, Mwalimu, mwache aseme, mimi nikimsikia ndiyo napumua. Lakini angelisemaje jambo ambalo mwenyewe hajalijua vizuri? Na nani Mnero alikuwa anabishana na mwalimu? Akaitikia, "Sawa, Mwalimu," akaokota kanga yake, akaenda zake.

Siku moja kabla ya safari, wanawake wa kijiji walikusanyika jioni uani kwa Mama Beatrisi. Walikuja na unga wa mtama. Unga ule hupakwa mtu anayepelekwa unyagoni au anayekwenda safari ya mbali asiyojua mwisho wake. Hakuna aliyewahi kuupaka kwa ajili ya mpira. Lakini kombe ni kombe. Wakamkalisha Domitila kwenye kinu kilicholazwa, bibi mmoja akampaka kwenye paji la uso, kisha kwenye viganja vyote viwili, na wengine wakapanga mstari. Kila mwanamke alimshika mikono kwa mikono yake miwili na kusema lake. "Mikono hii ndiyo yetu sote." "Usituangushe, mwanangu." "Mume wangu kasema mkifungwa nisirudi nyumbani," mmoja alisema, akicheka, lakini hakuiachia mikono haraka.

Wa mwisho alikuwa mama yake. Mama Beatrisi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimshika, akainamisha kichwa, akasema kwa Kimakonde kwanza, halafu kwa Kiswahili ili wenzake wasikie. "Mimi hapa Mnero nimezeeka naitwa mtu wa kuja. Kesho nataka nirudi naitwa mama yake Domitila."

Wote wakapiga vigelegele. Domitila alitabasamu, maana kila mtu alikuwa anamwangalia. Usiku hakula. Aliangalia viganja vyake vyeupe kwenye mwanga wa koroboi, akahisi havimtii, vimekuwa mali ya watu.

Lori liliwapeleka Ruangwa wakiimba njia nzima. Domitila aliomba lisimamishwe mara mbili ashuke vichakani, akasingizia mihogo aliyokula. Lusiana, nahodha, alimpa ndimu ya kunusa.

Uwanja ulikuwa umejaa. Swaumu alikuwa upande wa pili anajinyoosha, na alipomwona tu mwenzake akapaza sauti, "Wamakonde wamefika! Fichieni kuku!" Domitila akafungua mdomo amjibu. Moyo ulikuwa unaanza kutua. Hapo refa akapuliza filimbi, akawaita manahodha pamoja na Swaumu mwenyewe katikati ya uwanja. Mwalimu Mbaruku alikuwa amesimama nyuma ya refa, mikono mgongoni.

"Wewe mlinzi," refa akasema, "nimeletewa malalamiko. Leo ukifungua mdomo mbele ya mfungaji, unatoka nje."

"Hata kupiga chafya?" Swaumu akauliza. Watu wakacheka. Refa hakucheka.

"Nimesema unatoka."

Swaumu akamgeukia Domitila, akabetua mabega na kujishika midomo kwa vidole viwili, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Ilikuwa mzaha. Domitila hakuupenda mzaha ule.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Alifunga, akafunga tena, ingawa mpira uligusa chuma kabla ya kuingia, na mipira yake haikuwa na kawaida ya kugusa chuma. Kila alipopokea, Swaumu alikuja mbele yake mikono juu, na kimya kikaja naye. Lo, kimya kile! Domitila hakuwahi kujua kuwa ndani ya duara kuna kimya namna hiyo. Alisikia pumzi zake mwenyewe. Alimsikia Lusiana anavyohema nyuma yake, akafikiri: huyu kakimbia uwanja mzima kuniletea mpira huu, goti linamvuja damu, na mimi nimesimama tu hapa. Aliona unga kwenye mistari ya viganja vyake, ingawa alikuwa amenawa na sabuni. Aliona pembeni, kwenye mkeka wa mbele kabisa, mama yake ameshika shavu. Pete aliyoizoea tangu utoto ikaonekana mbali, ndogo, haipitishi hata chungwa.

Akarusha, ukakosa. Wakamletea tena, akakosa. Safari ya tatu hakurusha kabisa. Filimbi ikalia akiwa bado ameushika.

"Vipi, Domi?" Lusiana alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna kitu," akajibu, na meno yalikuwa yanagongana juani.

Waliingia dakika ya mwisho wakiwa sare. Mpira ukachezwa vizuri, mkono kwa mkono, ukamfikia Domitila chini kabisa ya pete, mahali ambapo hata mtoto angefunga. Uwanja wote ukasimama. Swaumu alikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kuona jasho kwenye nyusi zake, midomo ameibana. Domitila hakuiangalia pete. Alimwangalia Swaumu machoni, na kama macho yangekuwa na sauti watu wote wangemsikia anaomba: sema neno, tafadhali, nitukane. Swaumu alielewa. Hilo ndilo linalouma. Midomo yake ilitikisika, akamtupia refa jicho, akaona refa naye anamwangalia yeye, akaibana tena.

Filimbi. Sekunde tatu zimepita. Mpira ukawa wa Likunja, wakaurushiana mpaka ng'ambo, wakafunga. Mechi ikaisha hapo.

Kwenye lori la kurudi hakuna aliyeimba. Wangemtukana! Wangesema, Domitila umetuua, umekula nini wewe mjinga! Angelia, angejibu, ingeisha. Badala yake walimpa nafasi nzuri karibu na dereva, wakamfunika kanga, wakazungumza habari za mvua. Mama yake alikaa kando yake na kumuuliza jambo moja tu. "Umekula?"

"Nimekula, mama," alisema, na ulikuwa uongo.

Wiki hiyo hiyo Lusiana aliwakusanya wanawake kisimani, akawaambia mtu asimtajie Domitila mambo ya Ruangwa, mwenzao ameumia. Wote wakakubali. Mwalimu Mbaruku naye, kwa wema wake ule ule, akatuma ujumbe Likunja kwa mtu wa mnadani: mwambieni Swaumu amwache Domitila apumzike, maneno yake ya miaka yote ndiyo yaliyomharibu akili. Basi, wakamaliza kazi. Wakamwekea mgonjwa uzio pande zote na daktari wakamfungia nje.

Domitila alisubiri. Alisema moyoni, Swaumu atakuja. Atakuja siku ya mnada, atanisimamisha mbele ya watu, atashika chungwa kama mpira na kusimama nalo kama sanamu, macho yamemtoka, aniigize nilivyokuwa, watu wacheke, nami nicheke, tumalize. Swaumu hakuja. Msimu mmoja ukapita, na mwingine. Walipokutana mnadani mara moja, Swaumu alimwamkia vizuri, akauliza hali za watoto, akanunua chumvi yake akaondoka. Domitila alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha moto.

Kitu kile kikahama uwanjani kikamfuata nyumbani. Akipewa chai awamiminie wageni harusini, birika lilianza kugonga vikombe. Akitoka kutoa sadaka kanisani, mguu ulikuwa mzito watu wakimwangalia. Alipimwa presha, wakamwambia hana presha. Mwingine akasema karogwa na watu wa Ruangwa, akaletewa mizizi, akainywa. Na asubuhi, kabla watu hawajaamka, alikwenda nyuma ya jiko la mama yake penye ile pete ya nondo, akarusha mpira. Hakukosa hata mara moja. Silvanus alimchungulia siku moja, akafurahi, akatoka mlangoni kumpongeza. Domitila alipomwona tu, mpira ulipita pembeni ukaangukia bandani kwa kuku.

Mwaka elfu mbili walimrudisha timuni. Mazoezini, wakiwa wenyewe, alikuwa kama zamani, na Mwalimu Mbaruku akapiga makofi mpaka filimbi ikamruka kifuani. Siku ya mechi alitapika nyuma ya darasa. Alisema ana malaria, na alikubali kuingia hivyo hivyo kwa sababu hakutaka kuwaangusha tena. Ndani ya duara alisimama mahali pake, mikono mbele, tayari. Lusiana akapata mpira. Alimwangalia Domitila, akamwangalia Eva, msichana mfungaji wa pili, akampa Eva. Mara ya pili akampa Eva. Mpira ulizunguka mchana kutwa, ukipita mbele ya mikono ya Domitila, na hakuna aliyemwambia toka. Walikuwa wanamwonea huruma, wanamwondolea mzigo. Alisimama pale mpaka mwisho na mikono yake mitupu mbele ya watu. Akavua raba za timu, akazifua, akazipeleka kwa Lusiana. Hakucheza tena.

Mama Beatrisi alifariki mwaka wa elfu mbili na nne, korosho zikiwa zimeanza kuanguka. Aliugua kidogo tu. Kombe la Ruangwa hakuwahi kulitaja, na siku yake ya mwisho alimuuliza binti yake swali lile lile, kama amekula.

Watani walikuja. Wamwera wa Ruangwa walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, na Swaumu alikuwa miongoni mwao. Domitila alimwona kutoka mlangoni, ameongezeka mwili, ameshika fimbo, na kwa mara ya kwanza tangu mama akate roho alipata pumzi. Watani hawakukawia. Mmoja alijifunga kanga ya marehemu, akaokota mwiko, akasimama mlango wa jiko kama alivyokuwa anasimama, akafoka, "Nani kaunguza uji wangu?" Watu wakacheka na kulia. Mwingine alilala mbele ya jeneza akidai halipiti mpaka Wamakonde wamlipe kuku. Kila mfiwa alipata lake. Silvanus aliitwa fundi wa baiskeli zisizotembea, watoto wake wakaigizwa wanavyolia. Domitila alikaa kwenye mkeka, anasubiri zamu yake. Watani walipofika kwake walipunguza sauti, wakapita pembeni, wakaanza na shangazi.

Swaumu alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Akainama, akampa mkono. "Pole sana, dada."

Dada! Tangu darasa lile la Nachingwea hajawahi kumwita dada. Domitila aliushika ule mkono muda mrefu, akasubiri kinachofuata, na hakikufuata kitu.

Kwao Swaumu, Waislamu, wanawake hawafiki makaburini, lakini mtani msibani ana ruhusa zake, akaenda pamoja na wengine mpaka ukingoni mwa kaburi. Jeneza likashushwa. Padri akasoma, akawaita watoto wa marehemu watupe udongo. Silvanus akatupa. Domitila akainama, akachota konzi ya udongo mwekundu, akanyoosha mkono juu ya kaburi.

Mkono ukagoma.

Watu wote walikuwa wanamwangalia, Mnero nzima, waliokuwa naye kwenye lori na wale waliompaka unga. Kikawa kimya kile kile. Alitaka kufungua vidole, vidole havikumsikia. Akainua macho. Swaumu alikuwa upande wa pili wa kaburi, mbele yake kabisa, karibu kama ndani ya duara. Hapakuwa na refa hapa. Mtani ana haki ya kupiga kelele hata juu ya kaburi lililo wazi. Angesema tupa, Mmakonde, unaunusa wa nini, na hakuna padri ambaye angemzuia. Domitila alimwangalia kwa macho yale yale ya Ruangwa. Swaumu akainamisha kichwa, akatazama miguu yake.

Silvanus ndiye aliyemwokoa. Alimshika dada yake kiwiko, akamfungua vidole kimoja kimoja mbele ya watu wote, udongo ukaanguka juu ya mama yao.

Baadaye walikutana kwenye beseni la kunawia mikono, uani, wawili tu.

"Mbona hukusema kitu pale?" Domitila akauliza.

"Ningesema nini?"

"Lolote. Ungesema hata mikono ya ming'oko."

Swaumu alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena ingawa ilishakauka. "Mwalimu wenu alinitumia maneno. Alisema ulimi wangu ndio uliokuharibu. Nimeubana mpaka leo. Hata kwetu sitanii mtu sana siku hizi, naogopa."

"Na wewe ukaamini?"

"Wewe hukuja kuniambia si kweli."

Ilikuwa kweli, hakwenda. Alikaa Mnero akisubiri aletewe. "Basi nitanie sasa," akasema. Sauti ilimtoka ya kuomba, kama mtoto anayeomba maji. "Nakuomba, Swaumu. Nitanie."

Swaumu akajiweka sawa. Akainua mikono juu, akavuta pumzi. "We Mmakonde," akaanza, na macho yakamjaa machozi, mikono ikashuka. "Haiji, Domitila. Nakuonea huruma. Mtu nikishamwonea huruma, utani hautoki."

Mtu akawaita wanawake waje kunywa chai, na kwa kuwa mfiwa mkubwa ndiye anayekunywa kwanza, walimpa Domitila kikombe mbele ya wote. Kikagonga kisahani, chai ikamwagika kwenye kanga yake nyeusi. Wanawake waliokaa karibu wakageuza nyuso zao upande mwingine, na Lusiana, kwa wema, akauliza kama kuna mtu anajua ufuta mwaka huu unauzwaje. Swaumu ndiye aliyemjibu bei ya Ruangwa.